Mtoto amekamilisha chanjo ya rota na bado amelazwa kwa kuharisha: chanjo hii inakinga kwa kiasi gani?

Mama Nasri (Morogoro) ameuliza:

Habari za jioni wanajukwaa. Nina jambo ambalo naomba nifafanuliwe na wenye ujuzi wa afya ya watoto, pamoja na wazazi waliowahi kupitia hali kama hii.

Mwanangu ana umri wa miezi kumi na mmoja. Alipewa matone ya chanjo ya rota mara zote mbili, ya kwanza alipotimiza wiki sita na ya pili alipotimiza wiki kumi, na kadi yake ya kliniki imejazwa vizuri. Wiki iliyopita alianza kutapika usiku, asubuhi akaharisha maji matupu, na ilipofika jioni macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na alipolia hata machozi hayakutoka. Alilazwa, akawekewa dripu, na namshukuru Mungu sasa yuko nyumbani na ananyonya kama kawaida.

Kilichonitatiza ni kwamba kule wodini tulikuwa akina mama wengi wenye watoto wanaoharisha, na tulipofungua kadi zetu tukakuta karibu watoto wote wamekamilisha chanjo ya rota. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba chanjo hiyo haina kazi yoyote. Bibi wa mtoto mwingine alishikilia kwamba wajukuu wa siku hizi wanasumbuliwa na meno ya plastiki, na kwamba yakishang'olewa kuharisha kutakoma. Mimi si mpinzani wa chanjo, lakini nilikosa la kujibu.

Maswali yangu ni haya. Chanjo ya rota inamkinga mtoto kwa kiwango gani hasa katika mazingira yetu? Nimesoma kwamba Afrika kinga yake ni ndogo kuliko Ulaya. Kama ni kweli, sababu ni nini? Na je, ni kweli kwamba inaweza kusababisha utumbo kujisokota? Nawasilisha.

Muuguzi wa Kliniki amejibu:

Mama Nasri, pole sana kwa kuuguza, na hongera kwa kumuwahisha mtoto hospitali kabla hali haijawa mbaya zaidi. Nafanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyaona kila siku na kuwaachia wengine mambo ya tafiti.

Kwanza naomba nikuulize: kinyesi cha mtoto kilipimwa kirusi cha rota? Nina shaka kama kilipimwa, kwa sababu katika hospitali zetu nyingi kipimo hicho hakifanywi kwa kila mgonjwa. Hufanywa zaidi katika vituo vichache vilivyochaguliwa kwa ajili ya ufuatiliaji wa ugonjwa huu. Daktari wa zamu anatibu upungufu wa maji mwilini, na matibabu hayo ni yale yale, iwe ni rota au kirusi kingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watoto wote mliokuwa nao wodini walikuwa na rota. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya na Msumbiji zikiwemo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba visa vingi vya kuharisha kwa kiwango cha kati na kikali kwa watoto wadogo vilitokana na vimelea vinne: rota, kriptosporidia, shigela, na aina fulani ya bakteria wa E. koli wanaotoa sumu. Chanjo ya rota inakinga dhidi ya kimoja tu kati ya hivyo. Kwa bahati mbaya sisi watumishi wenyewe tumezoea kuwaambia akina mama kwamba ni "chanjo ya kuharisha", na mtoto akiharisha kwa sababu nyingine yoyote, lawama zote zinaiangukia chanjo.

Pili, ubora wa chanjo yenyewe. Inatunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na vifungashio vingi vina alama ndogo ya duara yenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukianza kulingana rangi na duara au kuwa mweusi zaidi, chanjo hiyo hatumpi mtoto. Mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa alama hiyo, wala muuguzi mwenye adabu ya kazi hatachukia. Matone tunayaelekeza upande wa ndani wa shavu, polepole, ili mtoto asiyateme. Akitema sehemu kubwa ya dozi, maelekezo ya Rotarix, ambayo ni moja ya chanjo za rota, yanaruhusu kumpa dozi nyingine moja pale pale.

Kuhusu meno ya plastiki nitasema kwa ukali kidogo, mtanisamehe. Hakuna meno ya plastiki. Kile kinachoonekana cheupe kwenye ufizi ni jino la kawaida la mtoto ambalo bado linakua. Wanaolichimbua kwa msumari au kwa kisu wanamwachia mtoto kidonda, damu inayovuja na hatari ya kuambukizwa magonjwa mengine, tena wakati ule ule ambapo mwili wake umeishiwa maji. Nimewapokea watoto wa namna hiyo, na si jambo la kusimulia hapa.

Mzee wa Takwimu amejibu:

Mama Nasri, nami nakupa pole. Naomba nianze na lile la kadi za wodini, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari.

Idadi ya waliochanjwa miongoni mwa waliolazwa, ikitazamwa peke yake, haiwezi kutuambia kama chanjo inafanya kazi. Inategemea kwanza ni watoto wangapi wamechanjwa katika jamii nzima. Tuchukue mfano wa kubuni ambao namba zake nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Kuna kata yenye watoto wachanga 1,000; 900 wamechanjwa na 100 hawakuchanjwa. Tuseme kwamba bila chanjo, mtoto 1 kati ya 10 angeugua rota kali ya kulazwa, na kwamba chanjo inazuia nusu tu ya visa hivyo. Katika wale 100 wasiochanjwa watalazwa 10. Katika wale 900 wangelazwa 90, lakini kwa kuwa chanjo imezuia nusu, watalazwa 45. Wodini sasa kuna watoto 55, na 45 kati yao wana kadi zilizokamilika, yaani wanane katika kila kumi. Mama aliye pale na mwanawe ataapa kwamba chanjo haina kazi. Wale 45 wengine ambao wangekuwa wodini hawaonekani popote, kwa sababu wako majumbani kwao na hakuna anayewahesabu. Na kama chanjo ingewafikia watoto wote 1,000, waliolazwa wangekuwa 50, na kila mmoja wao angekuwa na kadi iliyokamilika, ingawa waliougua wamepungua.

Ndiyo maana watafiti hawahesabu kadi za waliolazwa peke yao. Wanachofanya ni kuwachukua watoto wote waliofika hospitali kwa kuharisha, kuwapima kinyesi, kisha kulinganisha hali ya chanjo ya wale waliokutwa na rota na ya wale ambao kuharisha kwao kumesababishwa na kitu kingine. Kama chanjo haifanyi kazi, makundi hayo mawili yatakuwa na kiwango sawa cha chanjo. Kama inafanya kazi, wenye rota watakuwa wamechanjwa kwa kiwango cha chini, na kutokana na tofauti hiyo ndipo inapopatikana asilimia ya kinga. Huko Blantyre, Malawi, utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2015 ulipata kinga ya asilimia 64 dhidi ya kulazwa kwa rota. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2020 nao ulipata asilimia 64.

Sasa tuje kwenye swali lako la Ulaya. Ni kweli, tofauti ipo na si ya kuficha. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa Januari 2006, kila moja likiwa na watoto zaidi ya 60,000, yalionyesha kinga ya asilimia 98 dhidi ya rota kali kwa chanjo ya RotaTeq, iliyojaribiwa zaidi Finland na Marekani, na asilimia 85 kwa Rotarix, iliyojaribiwa Amerika ya Kusini na ya Kati pamoja na Finland. Rotarix ilipojaribiwa Afrika, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa asilimia 61.2 kwa mwaka wa kwanza wa maisha: Afrika Kusini asilimia 76.9, Malawi asilimia 49.4. RotaTeq ilipojaribiwa Ghana, Kenya na Mali ilipata asilimia 64.2 mwaka wa kwanza, lakini kwa kipindi chote cha ufuatiliaji cha karibu miaka miwili ikashuka hadi asilimia 39.3. Maana yake ni kwamba kinga inapungua mtoto anapovuka mwaka mmoja, na mwanao wa miezi kumi na mmoja yuko karibu na umri huo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoishia, kisha wanahitimisha kwamba waafrika tumepewa chanjo hafifu. Lakini utafiti ule ule wa Malawi na Afrika Kusini una namba nyingine ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko asilimia zote hizo. Kwa kila watoto 100 waliochanjwa, chanjo ilizuia visa 4.2 vya rota kali kwa mwaka kule Afrika Kusini, na visa 6.7 kule Malawi. Nchi yenye asilimia ndogo ya kinga ndiyo iliyookoa watoto wengi zaidi kwa kila watoto mia, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi Malawi, na nusu ya mzigo mkubwa ni kubwa kuliko robo tatu ya mzigo mdogo. Waziri wa afya anayepanga bajeti akitazama asilimia peke yake, anaweza kuiondoa chanjo mahali pale pale inapohitajika zaidi.

Na vifo? Meksiko ilianza kuitumia chanjo hii mapema, na mwaka 2008 vifo vya kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 35 vikilinganishwa na wastani wa miaka ya 2003 hadi 2006. Malawi vijijini, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza vifo vya kuharisha vya watoto wachanga kwa karibu theluthi moja. Dunia nzima, vifo vya rota kwa watoto vilikadiriwa kuwa zaidi ya 500,000 mwaka 2000, na takriban 215,000 mwaka 2013. Sitadai kwamba punguzo lote hilo limeletwa na chanjo, maana maji ya ORS, lishe na huduma bora vimechangia sehemu kubwa, na hadi mwaka 2013 nchi nyingi maskini ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuitoa chanjo hiyo. Tanzania yenyewe iliingiza Rotarix katika ratiba ya kawaida Januari 2013.

Baba Wawili amejibu:

Nimesoma maelezo ya mzee hapo juu kwa makini, na hesabu yake ya wodini nimeielewa. Hata hivyo nina mambo mawili ambayo sijaridhika nayo.

La kwanza, chanjo ya rota iliwahi kuondolewa sokoni Marekani kwa sababu iliwadhuru watoto matumbo. Hilo si uzushi wa mitandaoni, ni jambo lililoandikwa. Kwa nini sisi tuendelee kuwapa watoto wetu kitu ambacho wenzetu walikikataa?

La pili, rota huenea kwa uchafu: kinyesi, mikono, maji. Kwa nini fedha hizi zisielekezwe kwenye maji safi na vyoo, ambavyo vingemaliza rota pamoja na kipindupindu na homa ya matumbo kwa mpigo mmoja? Kumdondoshea mtoto matone huku bomba la mtaa halitoi maji wiki nzima naona ni kukwepa kazi.

Daktari wa Watoto (Pwani ya Kenya) amejibu:

Habari zenu nyote, na pole dadangu Mama Nasri. Kaka Baba Wawili, maswali yako yote mawili ni ya haki na yanastahili majibu ya kina.

Chanjo iliyoondolewa Marekani iliitwa RotaShield. Iliidhinishwa Agosti 1998, ikasimamishwa Julai 1999, na kuondolewa kabisa Oktoba mwaka huo, baada ya kugundulika kwamba mtoto mmoja katika takriban kila 10,000 waliochanjwa alipata tatizo la kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unavyojigeuza ndani unapolivua kwa haraka. Damu inashindwa kufika kwenye sehemu iliyobanwa, na mtoto asipowahishwa hupoteza utumbo au maisha. Chanjo tunazotumia leo ni nyingine kabisa, na majaribio yale ya watoto zaidi ya 60,000 yalifanywa kuwa makubwa kiasi hicho hasa kwa sababu ya RotaShield: jaribio dogo lisingeweza kuiona hatari ya mmoja kwa 10,000.

Hata hivyo, baada ya chanjo mpya kutumika kwa mamilioni ya watoto, nchi tajiri zimeona ongezeko dogo la tatizo hilo, kati ya kisa 1 na visa 6 kwa kila watoto 100,000, hasa katika wiki ya kwanza baada ya dozi ya kwanza. Afrika je? Watafiti walifuatilia jambo hili katika nchi saba: Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba Rotarix iliongeza hatari hiyo kwa watoto waliofuatiliwa. Huenda inachangiwa na umri: watoto wetu huchanjwa mapema, wiki ya sita na ya kumi, ilhali tatizo hili kwa kawaida huwapata zaidi watoto wa miezi minne hadi saba, wawe wamechanjwa au la. Mzazi ajue dalili zake vilevile: mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu tumboni, anatulia na kulegea, kisha analia tena, anatapika, wakati mwingine matapishi ya kijani, na choo kinakuwa na damu na ute kama jemu nyekundu. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Kuhusu maji na vyoo, kaka, naunga mkono kila neno ulilosema juu ya bomba la mtaa, ila rota ina tabia yake. Vimelea vichache sana vinatosha kumwambukiza mtoto, aliyeugua hutoa mabilioni kwa mabilioni katika kinyesi chake, na kirusi hiki hudumu kwenye mikono, meza na vitu vya kuchezea kwa muda mrefu, tena hakiuawi kirahisi kwa sabuni ya kawaida. Marekani wana maji safi na vyoo vya kuvuta, na bado kabla ya chanjo karibu kila mtoto wao aliambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka mitano, na kati ya watoto 55,000 na 70,000 walilazwa kila mwaka. Tofauti kati yao na sisi haikuwa katika kuambukizwa, ilikuwa katika kufa: kwao walikufa kati ya 20 na 60 kwa mwaka, kwa kuwa dripu iko karibu. Usafi unapunguza kipindupindu na shigela kwa kiasi kikubwa. Rota inauheshimu kidogo sana.

Sasa, kwa nini kinga ni ndogo kwetu? Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na ili ifanye kazi lazima kirusi hicho kizaliane kidogo ndani ya utumbo wa mtoto na kuuamsha mwili. Chochote kinachokizuia kuzaliana kinapunguza kinga. Akina mama wa kwetu wamekutana na rota mara nyingi maishani, hivyo huwapitishia watoto askari wengi wa mwili kupitia kondo la nyuma, na wengine kupitia maziwa. Askari hao wanaweza kukiua kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi yake. Tafadhali, mtu asije akaondoka hapa na wazo la kumnyima mtoto titi siku ya chanjo. Jambo hilo lilijaribiwa Afrika Kusini, India na Pakistani, watoto wakakaa bila kunyonya kwa muda kabla na baada ya chanjo, na halikuleta faida yoyote.

Sababu nyingine ni matone ya polio yanayotolewa siku ile ile, ambayo nayo ni kirusi hai kinachogombania utumbo huo huo. Athari yake huonekana zaidi kwenye dozi ya kwanza. Ipo pia hali ya utumbo uliochoka kwa kukutana na vijidudu kila siku, na lishe duni. Ule utafiti wa Kenya aliotaja mzee ulionyesha jambo ambalo mimi nalipa uzito mkubwa kuliko yote: kwa watoto wenye lishe nzuri kinga ilikuwa ya juu sana kuliko asilimia 64, na kwa wenye utapiamlo ilikuwa ya chini kabisa. Mtoto aliyedumaa huambukizwa haraka, hupata kinga hafifu kutokana na chanjo, na akiugua ndiye anayezidiwa kwanza. Kuna vilevile suala la maumbile ya damu, kwamba baadhi ya watoto hawana kile kishikizo kwenye utumbo ambacho kirusi cha chanjo hukitumia kuingia, na pia aina za rota zinazozunguka Afrika ni nyingi kuliko za Ulaya. Sababu hizi hazina uzito sawa, na mimi nisingezipa zote nafasi moja. Lishe ndiyo tunayoweza kuishughulikia nyumbani na kliniki bila kusubiri chanjo mpya.

Chanjo mpya nazo zinatafutwa. Ipo moja iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa watoto wachanga wa Melbourne wasiokuwa na dalili yoyote, ambayo hutolewa katika siku tano za kwanza za maisha. Ilipojaribiwa Indonesia, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kinga ya asilimia 75 dhidi ya rota kali hadi miezi kumi na minane kwa waliopewa dozi ya kwanza mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa upande mwingine, chanjo ya sindano iliyojaribiwa Afrika ilisitishwa ilipoonekana haitaishinda ile ya matone.

Mzee wa Takwimu amejibu:

Daktari, nashukuru. Niongeze jambo moja tu kwa Baba Wawili. Zamani, mwaka 1996, ulichapishwa utafiti wa Meksiko uliowafuatilia watoto 200 tangu kuzaliwa, na ukaonyesha kwamba mtoto aliyekwisha kuambukizwa rota mara mbili kiasili hakupata tena kuharisha kwa kiwango cha kati wala kikali kwa sababu ya rota. Aliweza kuambukizwa tena, lakini aliugua kidogo au hakuugua kabisa. Chanjo imejengwa juu ya jambo hilo: inampa mtoto yale maambukizi ya mwanzo katika hali dhaifu, ili atakapokutana na rota halisi iwe ni mara yake ya pili au ya tatu. Kwa hiyo anayesema "amechanjwa na bado ameharisha" hajaonyesha kwamba chanjo imeshindwa. Swali linalofaa kuulizwa ni kama ameharisha kwa ukali ule ule ambao angeharisha bila chanjo, na hilo kwa mtoto mmoja mmoja hakuna awezaye kulijibu. Linajibika kwa watoto wengi tu.

Baba Wawili amejibu:

Nimekuelewa, mzee, na la RotaShield daktari amenijibu vizuri. La bomba la maji bado nalishikilia, ila sitaligombanisha tena na chanjo.

Mama Nasri amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Muuguzi, kinyesi hakikupimwa, umebashiri sawasawa. Nina swali la mwisho. Mdogo wangu amerudi kutoka kijijini na mtoto wa miezi tisa ambaye hakupata chanjo ya rota hata moja, kwa kuwa alipokwenda kituoni mara zote mbili aliambiwa imekwisha. Sasa amesikia kwamba mtoto akishavuka miezi minane hapewi tena. Ni kweli? Na huyu wangu nimfanyie nini akiharisha tena?

Muuguzi wa Kliniki amejibu:

Mama Nasri, sharti hilo lilikuwepo. Zamani dozi ya kwanza ilipaswa kutolewa kabla ya wiki 15 na ya mwisho kabla ya wiki 32, kwa hofu ile ile ya utumbo aliyoieleza daktari. Shirika la Afya Duniani lililegeza sharti hilo mwaka 2013, kwa sababu ilikadiriwa kwamba katika nchi zetu kuliondoa kungeokoa maelfu mengi ya watoto dhidi ya rota, na kuleta mamia machache ya vifo vya tatizo la utumbo. Bado inasisitizwa mtoto achanjwe mapema, mara tu baada ya wiki sita, lakini aliyechelewa anaweza kupewa hadi umri wa miezi 24. Mwambie mdogo wako aende na kadi, na akikutana na mtumishi anayemrudisha kwa sababu ya umri, aombe kwa upole kumwona msimamizi wa chanjo wa kituo. Dozi ya pili atapewa wiki nne au zaidi baada ya ya kwanza.

Kwa Nasri: weka pakiti za ORS nyumbani kuanzia leo, usisubiri aharishe. Pakiti moja unaichanganya na lita moja ya maji safi na salama, wala usipunguze maji ili "iwe kali". Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya choo. Akitapika subiri dakika kumi kisha uendelee polepole zaidi. Mnyonyeshe kama kawaida na usimnyime chakula. Vidonge vya zinki apewe miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na avimalize hata kama ameacha kuharisha. Akiwa hawezi kunywa, analegea, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, na njiani uendelee kumpa ORS.

Na kinyesi chake unapomsafisha kitupe chooni, kisha unawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hujamshika yule mtoto wa mdogo wako, maana huyo bado hana kinga.